Muulize Shangazi: Chama cha teknolojia kitanisaidia nini mimi?

Shikamoo Shangazi. Mimi kijana wa Buzuruga hapa Mwanza, nina diploma ya kompyuta mwaka wa pili huu mtaani, nina kibanda natengeneza simu na laptop na pembeni nafunga kamera. Kuna watu wamepita wanasema wanaanzisha chama cha wafanyabiashara wa teknolojia Kanda ya Ziwa, kiingilio elfu hamsini na ada juu, eti kitaleta fursa. Fursa tumeshazisikia sana Shangazi, si bora hiyo hela niongezee ninunue bloa mpya?
Fundi, Buzuruga

Marahaba mwanangu, wangaluka. Bloa usinunue kwanza, na hiyo elfu hamsini nayo usitoe kwanza.

Mimi mwenyewe nilishaliwa. Enzi zile nina duka la stationery na intaneti Makoroboi, nikajiunga na chama fulani (sikitaji), miaka miwili nalipa ada, nilichoambulia ni tisheti, tena saizi kubwa utadhani kanzu, na picha ya pamoja na mgeni rasmi ambayo mimi linaonekana paji la uso tu. Kwa hiyo wasiwasi wako naujua.

Ila sio vyama vyote vya tisheti. Kule Marekani kuna mji unaitwa Pittsburgh, ulikuwa unakula kwa viwanda vya chuma, miaka ya 80 viwanda vikafungwa watu wakabaki wanaangaliana, na 1983 katikati ya hali hiyohiyo ndo ikaanzishwa Pittsburgh Technology Council, kuwakutanisha wenye kampuni za teknolojia na watu wa viwanda na vyuo vya palepale. Sisemi chama ndo kiliunyanyua mji, kule kuna chuo kikuu cha Carnegie Mellon nacho kilivuta sana, lakini angalau watu wenye kazi na watu wanaotafuta kazi walikuwa na pa kukutania. Na sisi hapa habari ya mji kutegemea kitu kimoja hatuhitaji kusimuliwa, sangara walivyopungua ziwani wangapi walikuwa wanakata minofu kiwandani leo wanauza vocha?

Sasa waulize hao watu swali moja tu, mkitoka kwenye mkutano mnafanya nini? Wakianza kukwambia semina na vyeti, funga kibanda nenda kale. Wakikwambia tenda, kaa usikilize. Kwa sababu wewe peke yako na kibanda chako huwezi kuomba kazi ya kufunga mtandao wa kompyuta shule nzima, hata ukiipata mtaji utautoa wapi, ila wewe na yule wa nyaya wa Igoma na dada mmoja anayejua mahesabu na makaratasi, hao watatu tayari ni mwanzo wa kikundi. Sheria ya manunuzi ya umma inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Na tenda za serikali tangu 2023 zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, huko hamna cha kumpelekea mtu bahasha. Mlango upo, ila unataka kikundi kilichosajiliwa, TIN (namba ya mlipakodi), akaunti ya benki, na mtu anayeweza kuingia NeST mpaka mwisho bila kulia. Hapo ndo chama chenye akili kinaanzia, mtu mmoja wa kukaa na vikundi kumi na kuwajazisha, maana wengi mnakosea kwenye viambatanisho tu.

Mtaji pia, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii kata yako ukaulize mwenyewe, usisubiri chama.

Habari za siku Shangazi. Nauza dagaa jumla mwaloni Kirumba, nina wateja mpaka Kongo. Mwaka jana kijana mmoja aliniuzia mfumo wa stoo laki tatu, nimeacha kuutumia, unataka kilo kila kitu na meseji zake hazinipi usingizi. Sasa naambiwa niingie chama cha teknolojia, mimi wa dagaa huko nitafanya nini?
Mama Dagaa, Kirumba

Nzuri mdogo wangu, pole na jua. Nikwambie ukweli, bila nyie hicho chama ni kijiwe cha mafundi wanaouziana chaja.

Huo mfumo wako nimeuelewa kabla hata sijauona. Unataka kilo, na wewe unapokea kwa ndoo, unapima kwa debe, unauza kwa gunia. Halafu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka vizuri taa haivuti kitu, mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa na bei inapanda, hilo mtoto wa mwaloni anazaliwa analijua. Mfumo wenyewe haujui mwezi, kila asubuhi unakutumia meseji STOO IMEPUNGUA, kama vile ulikuwa hujui! Yule kijana hana ubaya, alitengenezea duka la vipodozi akakuuzia wewe.

Chama kizuri kingemleta huyo kijana akae kwenye kichanja chako wiki mbili tatu, ashike ndoo, aanikiwe dagaa mbele yake, aone mvua ikinyesha ghafla mnavyokimbizana kuwakusanya, ndo aandike programu. Na akiharibu unajua pa kumshtakia, maana ni mwanachama na wenzake wanalinda jina. Kwa hiyo ingia, ila ingia kama mteja mwenye mdomo. Kitu kingine, hao wateja wako wa Kongo majina na namba zao zikiwa kwenye mfumo wa mtu, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, mwulize huyo kijana anaijua. Akikutolea macho, umepata jibu.

Shangazi mambo, niko mwaka wa pili chuo huku Nyegezi, nasoma mambo ya mifumo. Field iliyopita nilipangiwa ofisi moja wiki nane nikawa natoa kopi na kuchemsha chai. Hivi vyama ni vya wenye kampuni tu?
Binti wa Nyegezi

Poa mwanangu, ila shikamoo haiumi.

Wiki nane za chai! Na logibuku najua uliandika ulikuwa unafanya "usimamizi wa mifumo", wote tuliandika hivyo. Shida ni kwamba ofisi kubwa ina nafasi ila haina kazi ya kukupa, na fundi mdogo ana kazi ila chuo hakimjui, hana hata muhuri wa kugonga kwenye fomu. Chama kinaweza kuwa huo muhuri. Kinaongea na chuo mara moja, mafundi watatu wanakugawana, wiki hizi kwa wa simu, hizi kwa wa mitandao, hizi kwa mwenye mfumo, ukirudi chuo mikono inajua kitu. Kama hao wa Kanda ya Ziwa hawana mpango huo, wapelekeeni nyie.

Na hizi barua tatu naona zinatafutana. Fundi, kakae na Binti mkamtazame Mama na mfumo wake wa laki tatu, huenda unarekebishika. Mama, niambie mbalamwezi inaisha lini, niwalete kabla giza halijaanza, mitumbwi ikishaanza kushusha najua hata mimi simu yangu hupokei.