Dada, homoni hazina mizani: jibu kwa mhasibu anayetaka kuacha kazi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 47, ni mhasibu na nasimamia watu sita. Tangu mwaka jana hedhi yangu inaruka miezi, ikija inakuja nyingi. Usiku nazinduka saa tisa moyo unakwenda mbio, nimelowa jasho, na usingizi haurudi tena. Kazini nikiitwa kusoma taarifa ya fedha kwenye kikao mikono inatetemeka, nahisi nitaanguka. Zamani sikuwa hivi. Nilipima homoni nikaambiwa ziko kawaida, kwa hiyo ni mawazo tu. Mwenzangu ofisini amenipa vidonge vyake vya diazepamu, dawa ya kutuliza, nameza nusu kila usiku, hii wiki ya pili. Kuna mtu pia ameniuzia dawa ya mitishamba ya kubalansi homoni, anasema nimalize dozi ya miezi mitatu. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, sijaikabidhi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo barua iache kwenye droo kwanza. Uamuzi mzito namna hiyo haufai kufanywa na mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima. Tukutibu ulale, wasiwasi upungue, halafu kama bado kazi hiyo huitaki, utaiacha kwa sababu umeamua, si kwa sababu umekimbizwa.

Maswali kama lako nayapata kila wiki, na karibu kila moja lina sentensi ileile: "nilipima homoni nikaambiwa ziko kawaida." Naomba tukae hapo kidogo, maana huo ndio mlango waliopitia wote wawili waliokupotosha, yule aliyekuambia ni mawazo tu na yule aliyekuuzia dawa.

Watu hudhani homoni za mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hushuka polepole, kama maji kwenye tanki linalovuja. Sivyo. Katika miaka hii ya mpito ovari hufanya kazi kwa kushtukiza. Wiki hii estrojeni, homoni kuu ya kike, inaweza kupanda kuliko hata ulipokuwa na miaka 30, wiki ijayo ikaporomoka. Inajaa na kupwa kama bahari, tofauti ni kwamba bahari ina ratiba. Ukitolewa damu siku maji yamejaa, karatasi itasema uko kawaida. Ukirudi wiki tatu baadaye, karatasi itasema umeshakoma hedhi. Karatasi zote mbili zinasema kweli na hakuna inayokusaidia. Ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayowaelekeza madaktari, uliotoka mwaka 2015, unawaambia madaktari wasitegemee kipimo cha FSH, homoni ya ubongo inayoiamuru ovari, kutambua hali hii kwa mwanamke aliyevuka miaka 45. Miaka yako 47, hedhi inayoruka na jasho la usiku vinaniambia uko kwenye mpito huo, na vinasema zaidi ya karatasi yoyote ya maabara.

Sasa niambie, kama kiwango chenyewe hakikai mahali pamoja hata mwezi mmoja, mtu anabalansi nini? Neno hili "kubalansi homoni" limewagharimu wanawake wengi mno. Hakuna mizani iliyopinda ndani ya mwili wako inayongoja kijiko cha dawa ya unga ije kuinyoosha. Na tazama ujanja wa hiyo dozi ya miezi mitatu. Dalili za kipindi hiki hupanda na kushuka zenyewe. Ndani ya miezi mitatu lazima utapata wiki kadhaa nzuri, na dawa itachukua sifa. Ukipata mbaya, utaambiwa sumu zinatoka, ongeza dozi. Hata kwenye majaribio rasmi ya dawa za kutuliza joto la mwili, lile linalopanda ghafla katika miaka hii, wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake hupata nafuu si haba. Kwa hiyo ushuhuda wa "mimi nilitumia nikapona" haunithibitishii kitu, na wala simlaumu anayeutoa. Namlaumu anayeuza kitu asichoweza kukuambia kina nini ndani.

Na aliyesema ni mawazo tu amekosea vilevile. Estrojeni ina mkono wake katika utendaji wa serotonini, kemikali inayogusa hisia, ubongoni. Projesteroni nayo, homoni inayotolewa na ovari yai likishapevuka, mwili unapoivunjavunja, hutoa kemikali inayotuliza ubongo kupitia njia ileile inayotumiwa na dawa za kutuliza. Mwezi ambao yai halikupevuka, projesteroni hiyo haitoki ya kutosha, na utulivu wake unaukosa. Utafiti wa SWAN, ulioanza Marekani miaka ya 1990 na kuwafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba hata wale waliokuwa hawana tabia ya wasiwasi hapo awali, uwezekano wao wa kuupata uliongezeka walipoingia katika kipindi hiki. Unaposema "zamani sikuwa hivi", nakuamini.

Nikuonyeshe kinachotokea kwenye kile kikao. Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu, nilimpa kazi ya kuandika dakika kwa dakika. Akarudi na daftari. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi: "Saa 4:10, moyo. Saa 4:10, joto kifuani, shingoni, usoni. Saa 4:11, nimesahau jina la mwanafunzi. Saa 4:11, wote wananiangalia. Saa 4:12, nataka kutoka. Saa 4:15, imeisha, mgongo umelowa." Tulilisoma pamoja mara mbili kabla hajaona mwenyewe kwamba hofu haikuwa ya kwanza. Ilikuja ya nne au ya tano kwenye mstari.

Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili imekuwa na wepesi wa kushtuka katika miaka hii. Inaona joto kidogo tu na kuamuru mwili upoe, basi mishipa ya ngozi inapanuka, jasho linatoka, na mapigo ya moyo yanaongezeka, mara nyingi kwa 7 hadi 15 kwa dakika. Kwa baadhi ya wanawake moyo hutangulia sekunde chache kabla joto halijafika. Wewe umesimama na makaratasi mkononi, unasikia moyo umeruka bila sababu, unaisoma kama hatari. Hofu inaongeza mapigo, mapigo yanaongeza hofu. Kikao kijacho unaanza kuogopa tangu jana yake usiku, na usiku wenyewe umeshakatwa saa tisa na jasho. Kwa kawaida joto lenyewe halizidi dakika tano. Hofu ndiyo inayolibeba saa nzima.

Ndiyo maana nawahimiza watu wafikirie tiba ya mazungumzo, ile inayofundisha kuchunguza fikra na mwenendo, hata kabla ya kidonge. Majaribio mawili yaliyofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012, MENOS 1 na MENOS 2, yalionyesha jambo la kuvutia: joto halikupungua sana kwa idadi, lakini usumbufu wake maishani ulipungua. Vikao ni vichache, vinne hadi sita, na havikufanyi "mgonjwa wa akili" kama wengi wanavyoogopa. Wakati unasubiri, joto likianza, ikanyage sakafu kwa miguu yote miwili, pumua polepole mara sita kwa dakika, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kisha endelea kusoma kutoka kwenye karatasi. Kupumua huko hakuzuii joto, wala sitakudanganya. Kunazuia lisigeuke kuwa hofu. Na usitoke nje ya chumba kama unaweza kuvumilia, maana kila unapokimbia ubongo unajifunza kwamba kweli palikuwa na hatari.

Kazini omba vitu vidogo vinavyotajika: kiti karibu na dirisha au feni, taarifa yako isomwe mwanzoni mwa kikao badala ya kukaa saa mbili ukiingoja, hesabu nzito zifanyike saa ambazo kichwa chako ni chepesi. Hulazimiki kumtajia bosi neno hedhi. "Nina tatizo la kiafya linalotibiwa, kwa miezi michache nahitaji hili na hili" inatosha. Kahawa ya mchana iache, pombe ya kutafutia usingizi iache kabisa kwa sababu ndiyo inayokuzindua. Ukianza kusahau tarakimu, usijihukumu kuwa akili inakwisha. SWAN hiyohiyo ilikuta kwamba kasi ya kujifunza mambo mapya ilififia katika kipindi cha mpito na kurejea baada ya hedhi kukoma.

Kabla ya yote hayo kuna vipimo vinavyostahili damu yako, tofauti na hicho ulichopima. Tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka na wasiwasi, yaani swali lako neno kwa neno. Upungufu wa damu na wa madini ya chuma hupandisha mapigo pia. Ongeza shinikizo la damu, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo.

Vidonge vya mwenzako, dada, mrudishie. Dawa za jamii ya diazepamu huanza kuushika mwili ndani ya wiki chache tu. Zinafifisha kumbukumbu, jambo ambalo mhasibu halihitaji, na ukiziacha wasiwasi hurudi na nguvu zaidi, ukadhani ugonjwa umezidi kumbe ni dawa inadai. Wiki mbili za nusu kidonge bado ni mapema, lakini mwambie daktari ulichokuwa unameza. Anayesoma hapa akiwa amezimeza kila siku kwa miezi asizikate ghafla, kwani degedege linaweza kutokea. Apunguziwe polepole na daktari.

Tiba ya homoni ipo, na imeogopwa kuliko inavyostahili. Hofu ilianza Julai 2002, sehemu moja ya utafiti mkubwa wa WHI huko Marekani iliposimamishwa. Wengi hawakuambiwa kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na kwamba ongezeko la saratani ya matiti kwa waliotumia estrojeni pamoja na projestini, yaani projesteroni ya kutengenezwa, lilikuwa takriban wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60 na anayesumbuliwa na dalili, faida kwa kawaida huzidi hatari. Kwako ingefanya kazi kwa kukata joto la usiku, ulale, na wasiwasi unaokula usingizi upungue. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe projesteroni pamoja na estrojeni. Estrojeni ya kupitia kwenye ngozi haina hatari ya kugandisha damu kama ya kidonge. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, hiyo si njia yake. Kuna dawa nyingine, kama venlafaksini au eskitalopramu, zinazopunguza joto na wasiwasi kwa pamoja. Huchukua wiki kadhaa kutuliza wasiwasi, na hazikushiki kama diazepamu. Na kama siku yoyote wazo la kutotaka kuishi likikupitia, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hiyo dawa ya mitishamba ukija nayo nitaiona, lakini usiendelee nayo. Nitakuambia kwa nini nimeshupaa. Alikuja kwangu mama wa miaka 58, hedhi ilikoma miaka sita nyuma. Alikuwa anatumia dawa ya aina hiyo kwa ajili ya wasiwasi na kukosa usingizi, dalili zilezile zako. Akaanza kutokwa damu. Muuzaji akampongeza: homoni zimerudi, ovari zimeamka. Akanunua dozi ya pili kwa furaha. Alinifikia miezi minane baadaye, saratani ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ikiwa imeshatoka nje ya mfuko. Mara nyingi saratani hiyo tunaikamata mapema, kwa sababu hiyo damu ndiyo kengele yake. Kengele ililia, mtu akamwambia ashangilie.

Kwa hiyo kwa yeyote anayesoma: miezi 12 ikishapita bila hedhi, damu yoyote, hata doa moja kwenye nguo ya ndani, ipeleke hospitali wiki hiyohiyo. Hakuna ovari iliyoamka.

Na wewe dada, umeandika mistari mingi juu ya moyo na kikao, na maneno matatu tu juu ya wingi wa hedhi: "ikija inakuja nyingi." Mimi nimeyasoma hayo matatu kwanza. Kuanzia hedhi ijayo hesabu pedi za kila siku, andika kama kuna mabonge, na unapokwenda kupima thairoidi na wingi wa damu omba pia ultrasaundi ya mfuko wa uzazi. Karatasi hizo ndizo utakazokuja nazo.