"Biweekly" ni siku ngapi? Maswali ya wasomaji

SWALI: Sisi ni waendesha bodaboda watatu wa Kondele, Kisumu. Tumeletewa fomu ya mkopo wa Sh12,000 kwa kila mmoja, na yote imeandikwa kwa Kiingereza. Inasema kila mmoja atalipa Sh500 "biweekly" kwa awamu 24, kuanzia Ijumaa tarehe 2 Januari 2026. Mmoja wetu anasema hiyo ni mara mbili kwa wiki. Wa pili anasema ni kila baada ya wiki mbili. Wa tatu anashikilia kuwa ni mara mbili kwa mwezi. Tumebishana stejini siku nzima. Nani amesema kweli?

JIBU: Wawili wa kwanza wamesema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Msitie sahihi bado.

Kipande "bi" kimetoka kwenye Kilatini na maana yake ni mbili. Ndicho hicho kilicho kwenye jina la baiskeli, yenye magurudumu mawili. Magurudumu hayana utata, ukiyaona unayahesabu. Lakini kipande hicho kikibandikwa kwenye neno la muda, hakisemi ni kitu gani kinachohesabiwa mara mbili: wiki zenyewe, au siku za kulipa ndani ya wiki moja. Waingereza na Wamarekani wamelitumia neno hili kwa njia zote mbili, na kamusi kubwa kama Oxford na Merriam-Webster zimeandika maana zote mbili. Kwa hiyo kukimbilia kamusi hakutamaliza ubishi wenu. Kila mmoja ataifungua na kukuta mstari unaomuunga mkono.

Kinachomaliza ubishi ni tarehe ya awamu ya mwisho. Itafuteni kwenye fomu, au dai ratiba ya malipo kama haijaambatishwa. Ikiwa maana ni mara mbili kwa wiki, tuseme Ijumaa na Jumanne, awamu ya 24 itaangukia Jumanne tarehe 24 Machi 2026. Ikiwa ni kila wiki mbili, itaangukia Ijumaa tarehe 20 Novemba. Na kama mkopeshaji alikusudia mara mbili kwa mwezi, tarehe 2 na tarehe 16, mtamaliza tarehe 16 Desemba. Mkopo ni ule ule na awamu ni zile zile 24, lakini wa kwanza anamaliza kabla ya Pasaka na wa tatu anamaliza karibu na Krismasi.

Mwenzenu wa tatu amekosea, ingawa wengi hukosea vivyo hivyo. Kila wiki mbili si mara mbili kwa mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo anayelipa kila wiki mbili hulipa mara 26. Anayelipa mara mbili kwa mwezi hulipa mara 24. Hizo mbili za ziada hujificha kwenye miezi inayobeba malipo matatu. Kwenye kalenda yenu, Januari ina Ijumaa tarehe 2, 16 na 30, na Julai ina tarehe 3, 17 na 31. Januari ndio mwezi wa karo na sare za shule, na aliyepanga kutoa Sh1,000 mwezi huo atadaiwa Sh1,500.

Hata hivyo, kosa linaloumiza zaidi ni kulipa kila wiki mbili kumbe mwenye pesa alikusudia mara mbili kwa wiki. Utalipa tarehe 2 Januari, utulie, urudi tarehe 16 na Sh500 yako ukiamini uko sawa. Kwenye daftari lake umekosa tarehe 6, 9 na 13. Unadaiwa Sh1,500 kabla hujaweka awamu ya siku hiyo, faini imeanza kuhesabiwa, na huenda mdhamini wako ameshapigiwa simu. Umekuwa mdaiwa sugu bila kukataa kulipa hata siku moja.

Angalieni na riba. Kama inatozwa kando, tuseme asilimia 2 ya mkopo mzima kila mwezi, hiyo ni Sh240 kwa mwezi. Kwa miezi 3 ni Sh720, kwa miezi 11 ni Sh2,640. Awamu zinazoachana siku nyingi hupumzisha mfuko lakini deni huwa ghali. Kwa mtu wa bodaboda anayeshika pesa kila siku, kulipa mara mbili kwa wiki kunaweza kuwa nafuu, mradi ajue mapema kwamba Sh1,000 ya kila wiki si yake.

Basi fanyeni hivi. Mwambieni mkopeshaji akate neno hilo kwa kalamu na kuandika juu yake siku na tarehe: "kila Ijumaa na Jumanne", au "Ijumaa tarehe 2, 16 na 30 Januari 2026, na kuendelea kila siku 14". Pande zote mbili zitie sahihi kando ya sahihisho, kwenye nakala yake na kwenye yenu. Akisema haina haja, mtumieni ujumbe wa simu mkimuuliza, na mtunze jibu lake. Maneno ya mdomo hayatawasaidia mwezi wa tatu. Kwa yule aliyekwisha kutia sahihi, iko kanuni ya zamani ya sheria ya mikataba iliyotujia kutoka Uingereza: penye maneno yenye maana mbili, mashaka humwangukia aliyeyaandika. Hiyo ni hoja nzuri mbele ya hakimu, lakini kufika huko kunagharimu kuliko kalamu.

Na msidhani Kiswahili hakina mtego wake. "Kila baada ya siku mbili" huwagawanya watu vilevile. Aliyeanza Jumatatu, mmoja atamwambia arudi Jumatano, mwingine Alhamisi. Kwenye pesa na kwenye dawa, taja siku kwa jina.

SWALI: Kitabu cha kilimo nilichopewa hapa Njoro, Nakuru, kinasema kabichi ni "biennial". Duka la pembejeo likaniambia maana yake inavunwa mara mbili kwa mwaka. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Muuzaji amechanganya maneno mawili yanayofanana. "Biannual" ni mara mbili kwa mwaka. "Biennial" ni ya miaka miwili, na kwa mmea maana yake ni kwamba unahitaji misimu miwili kukamilisha maisha yake hadi mbegu. Kabichi, karoti na kitunguu viko kundi hilo. Msimu wa kwanza mmea hujiwekea akiba kwenye majani, mzizi au tunguu. Ukishapigwa na baridi ya kutosha, hutoa shina la maua. Sisi hula akiba hiyo kabla ya maua, ndiyo maana kabichi unaivuna takriban miezi 3 baada ya kuhamisha miche. Neno hilo linakuhusu pale baridi ya nyanda za juu inapoudanganya mmea ukarusha maua mapema: karoti iliyofanya hivyo huwa na kiini kigumu kama kijiti, na haiuziki. Ing'oe.

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama Kakamega. Katiba yetu ya Kiingereza inataka mkutano "bimonthly", na wanachama hawakubaliani. Niitafsiri vipi?

JIBU: Mama katibu, usiitafsiri peke yako, maana utakuwa umewaamulia. Maana moja, mara moja kila miezi miwili, inawapa mikutano 6 kwa mwaka; nyingine, mara mbili kila mwezi, inawapa 24, na kama kuna mchango au faini ya kutohudhuria, tofauti ni kubwa. Itazame ada kwanza. Kama imeandikwa "Sh200 kila mkutano" na mahali pengine mmeandika jumla ya mwaka kwa kila mwanachama kuwa Sh1,200, hesabu imekwisha kukujibu: ni mikutano 6. Kama hakuna jumla popote, peleka suala kwenye mkutano mkuu, lipigiwe kura, liandikwe kwenye kumbukumbu, kisha katiba isome: "Jumamosi ya kwanza ya Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba, saa nane mchana."