Ukitaka kurahisisha utafiti, anza kwa kumtafuta mtendaji

Kazi yangu ni kuchukua tafiti zilizoandikwa kwa Kiingereza kizito cha vyuo vikuu na kuziandika upya kwa Kiingereza cha kawaida. Wanaoanza kazi hii huniomba orodha ya maneno: gumu huku, jepesi kule. Orodha hiyo itakusaidia kidogo tu. Mara nyingi kinachomshinda msomaji si msamiati, bali ni kutoona nani kafanya nini.

Kiingereza cha kitaaluma hupenda kugeuza vitenzi kuwa nomino, zile zinazoishia na -tion na -ment. Chukua sentensi ya namna hii, niliyoitafsiri kwa Kiswahili: “Utekelezaji wa upunguzaji wa dozi ulihusishwa na uboreshaji wa ufuasi wa matibabu.” Nani alipunguza dozi? Nani alifuata matibabu? Sentensi haisemi, wala kamusi haitakwambia. Nenda kwenye sehemu ya mbinu za utafiti; humo ndimo watu walimojificha. Ukishawapata, sentensi hujiandika: “Wagonjwa waliopunguziwa dozi na madaktari walimeza dawa kama walivyoelekezwa mara nyingi zaidi kuliko wengine.”

Angalia kwamba sikuandika kuwa kupunguza dozi ndiko kulikosababisha hilo. Mtafiti alisema mambo hayo mawili yalionekana pamoja, basi. Hapa ndipo warahisishaji wengi wanapoharibu, na mimi naliona kosa hili kuwa baya kuliko sentensi ngumu. Maneno kama “huenda” na “katika kundi hili” yanaonekana kama mapambo ya wasomi, kumbe ndiyo yanayobeba ukweli wenyewe. Usiyaguse.

Takwimu nazo zinahitaji uangalizi. Hatari ikipanda kutoka watu 2 kati ya 1,000 hadi watu 3, ni sahihi kusema imeongezeka kwa asilimia 50, lakini msomaji atashtuka bure. Mpe idadi zote mbili za watu. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2014 kuhusu majaribio ya dawa, unadai matokeo yatolewe pia kwa muhtasari ambao asiye mtaalamu ataelewa. Muhtasari wa aina hiyo unaweza kusomwa na mgonjwa anayetafakari dawa yake mwenyewe. Usimtishe, usimpe matumaini hewa.

Istilahi zisizo na mbadala, mfano antibodi (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea), ziache. Zieleze mara moja, kisha zitumie bila kuzibadilibadilisha. Msomaji akikuta majina matatu atadhani ni vitu vitatu.

Ukimaliza, mpe mtu asiyeijua fani hiyo asome, kisha akusimulie alichoelewa bila kutazama karatasi. Usimuulize kama ameelewa, maana kwa heshima atakujibu ndiyo. Halafu mrudishie mtafiti rasimu yako na swali moja tu: kuna mahali nimesema jambo ambalo data yako haisemi?