Kwa nini Heinkel alihangaika na mabawa mawili mwaka 1932?

Mkuu uliyeuliza kwa nini Heinkel, kampuni ya ndege ya Ujerumani, waliunda ndege vita ya majaribio, He 49, yenye bawa la juu na la chini wakati "dunia ilishaendelea", nakujibu kama mtu aliyeunda mdogo wake, He 51, ndege iliyotokana nayo, kwa mkono. Ya plastiki lakini, imepunguzwa mara 72, inaenea kwenye viganja viwili.

Kubandika mabawa hakukunisumbua. Balaa lilikuwa nyaya zinazoyashikilia. Nilitumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, upande wa kushoto nikaukaza mno. Asubuhi nakuta bawa limepinda kama mkeka ulioachwa juani. Hapo ndipo nilielewa: mabawa mawili, nguzo zake na nyaya zilizovutana sawasawa hufanya kitu kama kasha, jepesi lakini gumu. Bawa moja lenye ugumu huo, kwa ufundi wa wakati ule, lingekuwa zito. Ndiyo maana karibu kila jeshi la anga lilikuwa bado na ndege za namna hiyo. Hasara yake ni kwamba kila waya unakamata upepo.

Halafu kuna la siri. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulimkataza Mjerumani kuwa na jeshi la anga, kwa hiyo He 49 ikapewa jina la ndege ya mazoezi. Mazoezi gani, na puani kuna injini ya BMW VI ya silinda 12, rejeta inaning'inia chini yake? Jeshi lenyewe lilitangazwa hadharani Machi 1935, na He 51 zilikuwa zishatoka kiwandani.

Siitetei He 51, maana kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania mwaka 1936 iliumbuka. Ilikutana na I-15, ndege vita ya Warusi, iliyopanda haraka, ikakata kona vizuri, na kubeba bunduki za rashasha nne dhidi ya mbili. He 51 ikaishia kushambulia shabaha za ardhini. Sasa angalia: I-15 nayo ilikuwa ya mabawa mawili!

Yangu nilikata mishipi yote nikaanza upya. Kama na wewe unataka kuiunda, kaza kulia kidogo, hamia kushoto, rudi kulia, vile vile fundi anavyopokezana nati za tairi.