Pomboo wa mbele ya meli

Kuna aliyeuliza kama pomboo walioonekana wakiogelea mbele ya meli ya utafiti walikuwa wakiikimbia. Hapana, walikuwa wanabebwa. Omo, yaani ncha ya mbele ya meli, ikipasua maji husukuma wimbi la mgandamizo mbele yake, na pomboo akikaa hapo husonga bila kupiga mkia sana. Nimefanya kazi ya ubaharia: ukichungulia kutoka omo, meli ikirudi bandari ya Kilindini, Mombasa, utawaona mkia umetulia kabisa, mara mmoja analala ubavu anakutazama. Mara nyingi ni wale wembamba, wa pua ndefu, wanaoruka na kujizungusha hewani. Ila wenye nundu mgongoni, wanaokaa karibu na ufuo, huwa waoga wa vyombo na ni nadra kuwakuta hapo. Meli ikisimama, wengi huondoka, maana hakuna tena wimbi la kuwabeba.