Kwa nini picha moja ina bei mbili?

Ndugu, umeuliza kwa nini picha ileile ya Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani, inauzwa kwa bei zinazopishana mno. Geuza karatasi kwanza, usome mgongo wake. Nakala iliyochapwa karibu na mwaka picha ilipopigwa ni adimu. Mara nyingi ina mihuri ya magazeti, hata mikunjo, na wakusanyaji huipenda hivyohivyo. Iliyochapwa baadaye kutoka negativu (filamu ya asili) hiyohiyo huwa safi zaidi lakini bei yake ni ya chini.

Kisha tazama sahihi ya mpiga picha. Jim Marshall, aliyempiga Hendrix picha kwenye tamasha la muziki la Monterey, California, mwaka 1967, alifariki 2010. Nakala iliyochapwa leo haiwezi kuwa na sahihi ya mkono wake. Tarajia muhuri wa wasimamizi wa mirathi. Hiyo si bandia, ila usiilipie bei ya sahihi.

Nambari kama 12/50, yaani nakala ya 12 kati ya 50, mara nyingi huhesabu saizi hiyo tu. Uliza saizi nyingine ziko ngapi (hapo ndipo wauzaji wengine hupata kigugumizi). Na ukishanunua, kadibodi ya fremu isiwe na asidi, wala usiitundike picha panapopigwa jua.