Wifi yako amechoka, mwanangu

SWALI: Shangazi, mimi na wifi yangu tuna duka la vitenge Kariakoo, mtaji tulitoa nusu kwa nusu. Sasa lipa namba ya kupokelea pesa za wateja kwa simu kaiweka kwa jina lake, hesabu hanipi, tukionana ananinunia. Mume wangu anasema tuyamalize wenyewe. Nidai vipi haki yangu? – Mama Wawili, Tabata

JIBU: Pole. Lipa namba ya watu wawili haikai kwa jina la mmoja bila kukubaliana. Hapo kakosea, mwambie.

Ila barua yako ina mambo umeyapitisha harakaharaka. Dukani unapita Jumamosi tu, kwa sababu ya ofisi. Doti nane za kichenipati ya shoga yako ulichukua, utalipa "mwisho wa mwezi". Mwezi gani? Mwenzio anatoka Mbagala alfajiri, anafungua, anapanga, anabishana bei na wateja hadi magharibi, halafu faida mnagawana sawa. Wizi hapo siuoni. Naona mtu aliyegeuzwa kibarua kwenye duka lake mwenyewe.

Sheria inakubeba, sikufichi. Wabia wasipoandikiana, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inawapa faida nusu kwa nusu, na anayeshinda dukani hadai mshahara. Kusajili jina la biashara BRELA, kwa wasajili wa serikali, hakubadilishi hilo. Nenda mahakamani basi, ushinde, halafu Idi mkutane kwa mama mkwe.

Na mumeo mwache. Siku hizi mke akikorofishana na mbia wake, kesi inasikilizwa kitandani, na mume akisita anaambiwa hana mapenzi. Huyo ni dada yake wa tumbo moja! Kunyamaza kwake ni busara, wangapi wamevunja nyumba kwa kujifanya mahakimu wa dada na mke?

Jumapili kaeni wawili mhesabu mzigo doti kwa doti, na madeni yote, lako likiwa la kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenu hadi leo ni kichwa cha wifi. Mpangieni mshahara wa mwezi. Ukitoka huo na kodi ya fremu, kinachobaki ndiyo faida ya kugawana. Lipa namba iwe ya jina la biashara, miamala muione wote. Andikeni, msaini, shahidi awepo.

Akikataa, mmoja amnunue mwenzake kwa hesabu hiyohiyo. Ila kabla hujataja bei, jiulize nani atafungua duka Jumatatu asubuhi wewe ukiwa ofisini. Na zile doti nane zilipe kabla ya kikao.